Kurejea kwenye mbio ndefu baada ya kuuguza kano ya kisigino

Mkimbiaji wa Donholm aliuliza:

Hamjambo wanamichezo. Nimekuwa nikiuguza kano ya kisigino cha mguu wa kulia tangu mwishoni mwa mwaka jana. Sasa mtaalamu wa fiziotherapia ameniruhusu kukimbia, ila hakunieleza kwa kina nianzeje. Pumzi ninayo, kwa kuwa nilikuwa nikiendesha baiskeli muda wote huo, lakini kano hukaza mwanzoni mwa mbio, kisha hulegea, na asubuhi inayofuata huondoka kitandani nikichechemea. Je, niendelee au nisimame? Natamani kushiriki nusu marathoni ya Nairobi mwezi wa Oktoba.

Kocha wa Kasarani alijibu:

Pumzi ndiyo inayokudanganya, ndugu yangu. Mapafu na moyo hurudia hali yake kwa wiki chache, ilhali kano, ambayo hupata damu kidogo, huchukua miezi kuimarika. Kwa hiyo usiyapime mazoezi kwa jinsi unavyohema, bali kwa asubuhi inayofuata. Wataalamu wengi huruhusu maumivu kiasi wakati wa kukimbia, mradi yasizidi tano kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, yawe yametulia kufikia kesho yake, na kukakamaa kwa asubuhi kusiongezeke wiki hadi wiki. Ukiamka ukichechemea kuliko jana, basi mbio za jana zilizidi, hata kama ulizifurahia.

Anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, ukipumzisha mguu siku nzima kabla ya kurudia. Msitu wa Karura tunaupenda kwa njia zake za udongo, lakini ukishuka hadi mtoni ni lazima upande tena, na kupanda kilima huivuta kano sana. Kwa sasa zunguka uwanja wowote tambarare wa mtaani kwenu. Kasi na vilima vije mwisho.

Baba Amani alijibu:

Nakubaliana na Kocha kuhusu asubuhi, ila naona ameruka jambo kubwa: kukimbia peke yake hakuiponyi kano, na kupumzika peke yake vilevile hakuiponyi. Kano hutaka kubebeshwa mzigo taratibu. Zoezi linalojulikana zaidi ni lile la Håkan Alfredson wa Uswidi, lililotangazwa mwaka 1998, ambapo unasimama ukingoni mwa kidato cha ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo, unajiinua kwa miguu yote miwili, kisha unakishusha kisigino polepole kwa mguu ulioumia pekee. Hufanywa mara 15 kwa awamu tatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, goti likiwa limenyooka na baadaye likiwa limekunjwa. Linachosha akili kuliko mwili.

Kuhusu Oktoba, siku hiyo huwa kuna mbio za kilomita 10 pia. Lami ya barabara ya Southern Bypass, ambako mbio hizo hukimbiwa, haina huruma kwa mguu uliotoka kuugua.

Nesi wa Buruburu alijibu:

Kabla hujapanda ngazi ya Baba Amani, gusa uone maumivu yako wapi hasa. Yakiwa katikati ya kano, juu kidogo ya kisigino, zoezi hilo linafaa. Yakiwa pale kano inaposhikana na mfupa, kukishusha kisigino chini ya kidato huibana kano kwenye mfupa na kuichokoza zaidi, kwa hiyo zoezi hufanyiwa sakafuni.

Tena, ukiugua homa ya matumbo au maambukizi mengine na ukaandikiwa siprofloksasini, ambayo ni antibiotiki, mweleze daktari kwamba unauguza kano, kwa sababu dawa za kundi hilo zinaweza kuidhoofisha na hata kuifanya ikatike. Na ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu, ukashindwa kusimama kwa vidole, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mkimbiaji wa Donholm alijibu:

Ahsanteni sana. Yangu yako pale pale kwenye mfupa, kwa hiyo nitaanzia sakafuni, na nitajiandikisha kwa kilomita 10. Je, viatu vyangu vya mashindano, ambavyo ni bapa, bado vinafaa?

Nesi wa Buruburu alijibu:

Viweke kando kwanza. Vaa vilivyoinuka kisigino, au utie kipande cha soli chini ya kisigino ndani ya vyote viwili ili miguu ilingane, kisha ukipunguze kidogo kidogo kano ikizoea.