Mrejesho: yule niliyeuliza nivae nini kazini halmashauri

Habari zenu wapendwa, mwezi uliopita niliuliza hapa nimeajiriwa halmashauri nina laki moja na nusu tu na kabati limejaa jinzi na tisheti za chuo, nifanyeje. Asanteni sana jamani, mmenisaidia mno.

Kwanza yule aliyesema nitafute waraka wa serikali kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, Mungu akubariki, maana nilikua nishataka kununua suruali mbili nyeusi za skini nikijua nyeusi ndo ofisini, kumbe nguo za kubana hazitakiwi kabisa, na zile jinzi zangu ndo basi tena.

Nikaenda soko la mitumba la Karume asubuhi mapema kama mlivyonishauri, nikapata blauzi nne za elfu tano tano na koti moja la blezi la elfu kumi na mbili, haina hata doa. Halafu vitenge viwili nikampelekea fundi anishonee sketi za solo, zile pana, chini ya goti, hapo ndo nawashukuru zaidi kwa sababu wiki ya pili tu nikapangiwa kwenda vijijini na bodaboda, sketi ya penseli ningepandaje? Na ukikaa na kina mama wa vikoba kwenye mkeka unakaa vizuri hushikilii nguo.

Blezi naivaa siku za kikao tu, joto la huku Pwani mnalijua. Viatu bado, navyovaa vinanibana, nasubiri mshahara.