Mjadala: Je, doweli za barabara za zege zipimwe kabla mkandarasi hajalipwa?

Mwanzisha mada (fundi sanifu, Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa sababu miji yetu inazidi kumwaga zege barabarani. Njia za mwendokasi hapa Dar ni zege, Mbagathi Way kule Nairobi ni zege, na yadi za makontena ndiyo usiseme. Tunaambiwa zege linadumu miongo na miongo, na ni kweli likijengwa vizuri. Ila ugonjwa wake mara nyingi huanzia kwenye jointi, yaani pale slabu (bamba) moja ya zege inapokutana na nyingine, na ndani ya jointi kuna kitu ambacho mlipa kodi hakioni kamwe: doweli.

Kwa wasioijua, doweli ni kipande cha nondo laini isiyo na meno, urefu wake kama milimita 450, unene kati ya milimita 25 na 38 kutegemea unene wa slabu. Zinalazwa katikati ya kina cha zege kila baada ya milimita 300, nusu slabu hii, nusu slabu ya pili. Tairi likivuka jointi, doweli zinazifanya slabu mbili zibebe mzigo kwa pamoja. Wakati huohuo ziache slabu zisogee, maana zege husinyaa likikauka na hutanuka likipigwa jua. Ndiyo maana hupakwa grisi. Msizichanganye na tai-baa, zile nondo zenye meno zinazoshikanisha leni na leni. Kazi ya tai-baa ni kushika, ya doweli ni kuteleza.

Fikiria droo ya kabati. Reli zake mbili zikiwa sambamba, unaivuta kwa kidole. Moja ikikaa upande, hata ukitumia mikono miwili inagoma. Sasa leni ya mita tatu na nusu ina doweli 11 au 12 kwenye jointi moja, na zote zinatakiwa kuwa sambamba, zenyewe kwa zenyewe na pia na barabara.

Niliwahi kufanya kazi kwenye yadi moja ya makontena ukanda wa Pwani. Basketi, yaani vile vizimba vya waya vinavyobeba doweli, zilipigiliwa kwa pini fupi kwenye tabaka la chini lililokuwa bado laini. Tipa likarudi kinyumenyume na kumwaga zege moja kwa moja juu yake. Niliiona basketi ikisukumwa kwa macho yangu, nikasema, nikajibiwa vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikamane) itairudisha. Kamba ya kuonyesha basketi zilipo nayo ikapotea, kesho yake mkata msumeno akakadiria mahali pa jointi. Baada ya masika mawili zikatokea nyufa zinazokwenda sambamba na jointi, kama sentimita 25 pembeni yake. Tulipovunja slabu tukakuta chini ya mkato wa msumeno, pale zege linapotakiwa kupasuka, halijapasuka kabisa. Jointi ilikuwa imefungwa na doweli zilizolala mshazari, na ufa ulikuwa umejitafutia njia pale doweli zinapoishia. Karatasi za ukaguzi wa siku ile zina sahihi zote.

Msimamo wangu: doweli zipimwe mara mbili, kabla ya zege kumwagwa na baada ya kukauka, na jointi isiyopimwa isilipwe. Kifaa kipo. Wajerumani wana MIT Scan, inayosukumwa kwenye reli juu ya jointi na kuisoma nondo kwa sumaku: iko kina gani, imeinama kiasi gani, imehama upande gani. Karibuni.

Mchangiaji wa 2 (mhandisi, Nairobi)

Ndugu yangu, kisa chako kinasikitisha, lakini usijenge sheria juu ya yadi moja. Mwaka 2009 Wamarekani walitoa ripoti namba 637 ya NCHRP, mpango wao wa utafiti wa barabara kuu, kuhusu jambo hilihili. Walikagua barabara zilizokuwa zikitumika, na wakaona doweli zilizokaa upande kwa kiwango cha kawaida hazikuleta tofauti kubwa ya utendaji. Mwongozo wa mwaka 2007 wa wakala wa barabara kuu wa serikali yao ya shirikisho nao ulikubali mwinamo wa hadi milimita 15, ncha hadi ncha, kwa doweli ya milimita 450. Hiyo si ruhusa ndogo.

Tena piga hesabu. Zege hutanuka takribani sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi. Slabu ya mita 5, joto likibadilika nyuzi 20, inasogea milimita 1. Huku kwetu hatuna baridi ya Minnesota. Kukodi kifaa, mtaalamu wa kukisoma, siku za kusubiri, vyote vitaingia kwenye bei ya zabuni na atakayelipa ni mwananchi yuleyule. Bora fedha hizo ziende kwenye mitaro, maana maji ndiyo adui.

Mchangiaji wa 3 (dereva wa semi)

Mimi sijasomea zege. Najua tu kwamba kuna barabara ukiingia na mzigo unasikia ta-ta, ta-ta mpaka mgongo unauma, kila slabu unayoingia iko chini kidogo kuliko uliyotoka. Hiyo ndiyo doweli au ni nini?

Mchangiaji wa 4 (fundi zege)

Mnazungumzia vifaa vya Ujerumani, sisi tunaomba muda. Tunalipwa kwa mita. Kuweka alama kwenye fomu, zile kingo zinazoshikilia zege, pande zote mbili ni kazi ya dakika tano, kumwaga zege kwa koleo juu ya basketi kwanza ili zisiondoke ni kazi ya nusu saa, lakini foleni ya magari ya zege ikishajaa nani atakuruhusu? Msimamizi anapiga kelele zege linakauka. Ulizeni na hilo.

Mwanzisha mada

Nianze na dereva. Kaka, hicho unachokisikia ni ngazi kati ya slabu na slabu. Maji yakiingia chini ya jointi na magari mazito yakapita, tope laini hurushwa kutoka chini ya slabu unayoingia na kujikusanya chini ya ile unayotoka. Moja inapanda, nyingine inashuka. Hutokea sana pale doweli zisipokuwepo, au zikiwa nyembamba, au zimelegea. Kwa hiyo mhandisi yuko sahihi kuhusu mitaro, naungana naye kabisa.

Ila mhandisi, hiyo milimita 15 naikubali. Sidai doweli zinyooke kama mstari wa rula, na zikihama kidogo upande bila kuinama sitamnyima mtu mkate wake. Lakini utajuaje ni 15 au ni 60 bila kupima? Ripoti uliyoitaja ilisema hivyo baada ya watu kupima. Sisi tunachukua hitimisho lao bila kufanya kazi yao.

Na milimita 1 yako ni ya joto peke yake. Ongeza kusinyaa kwa zege changa linapokauka, ambako siku za mwanzo ndiko kunakopasua. Kisha jointi zikifungwa tatu mfululizo, slabu zako nne za mita 5 zimekuwa kipande kimoja cha mita 20. Kipande hicho lazima kipasuke mahali, na hakitakuuliza.

Kuhusu gharama, linganisha na marekebisho. Kurudishia doweli kwenye barabara iliyokwisha kujengwa ni kukata mifereji mitatu kila njia ya tairi, kila jointi, kuchokoa zege, kuweka chuma, kujaza upya, huku umefunga leni ya mabasi. Na barabara zetu zinabeba malori ya tani 56 kisheria, hapo hatujataja yanayozidisha.

Fundi zege umenigusa zaidi ya wote. Nakubali, kipimo cha kwanza kabisa ni muda. Naongeza kwenye hoja yangu: ratiba ya kumwaga iandikwe kwenye mkataba, na fundi akisema basketi imehama, kazi isimame bila yeye kukatwa posho. Siku ile pale yadi, kama kulikuwa na karatasi inayonipa mamlaka ya kusimamisha lile tipa, ningelisimamisha.

Kama kuna mwenye mkataba wa barabara ya zege wa hapa Afrika Mashariki wenye kifungu cha kupima doweli baada ya zege kukauka, akiweke hapa tukisome maneno yake.