Naomba ushauri: kumpeleka mama kijiji cha Chora, kisiwa cha Patmo

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa aliyewahi kufika Patmo, Ugiriki.

Mama yangu anakuja kunitembelea Ujerumani mwezi wa tisa, na tangu nikiwa mdogo hamu yake ni kukiona kisiwa alichokitaja Yohana kwenye Ufunuo 1:9. Nataka nimtimizie. Shida ni magoti: ardhi tambarare anatembea vizuri, ngazi zinamtesa.

Kisiwa hakina uwanja wa ndege, hivyo tutaruka hadi kisiwa cha Kos kisha tupande meli. Safari ya meli ya moja kwa moja kutoka Piraeus, bandari ya Athens, ni ndefu mno kwake. Bandari ya Patmo ni Skala. Kijiji cha Chora kiko juu kilimani, kimeizunguka monasteri ya Mtakatifu Yohana iliyoanzishwa 1088, yenye kuta kama za ngome. Najua basi na teksi zinapanda, ila vichochoro vya ndani ni vya mawe na magari hayapiti. Pango la Ufunuo, ambako inasemekana Yohana alipata maono, liko katikati ya njia ya Skala na Chora, nalo lina ngazi za kushuka.

Nimeangalia picha na ramani, hazionyeshi mwinuko. Mwenye nyumba ya wageni niliyemwandikia kanijibu "ni karibu tu", basi.

Maswali yangu:
Kutoka kituo cha basi Chora hadi lango la monasteri, mtu wa magoti mabovu anaweza akienda taratibu? Na ngazi za pangoni zina mahali pa kushika?

Natanguliza shukrani.