Picha za misheni

Deo: Shikamooni wakubwa. Nimepata picha za misheni ya Bagamoyo ya zamani, zinatoka kwenye nyaraka za Mapadri wa Roho Mtakatifu, Ufaransa. Natuma mbili kwanza, bando linakata.

[Picha]
[Picha]

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Jamani, hii miembe si ile ile ya njia ya kuingilia misheni? Mbona mifupi hivi!

Babu Mdogo: Tumsifu Yesu Kristo.

Anko Pius: Milele amina, Baba Mdogo. Hiyo ya pili, yenye kanisa nyuma, ni ya 1880 hivi. Wale watoto ni wale walionunuliwa soko la watumwa Unguja.

Babu Mdogo: Pius, tazama kanisa kabla hujataja mwaka. Hilo ndilo kubwa tunalosali leo. Walianza kulijenga 1910, likaisha 1914. Na soko la Unguja lilifungwa 1873. Sasa watoto wa sokoni wanafanya nini hapo?

Neema: 😂😂 Anko umepigwa na tarehe

Anko Pius: Nimekoma. Na la zamani?

Babu Mdogo: Lile la mnara. Ndiko mwili wa Livingstone ulikolazwa Februari 1874, kabla haujavushwa kwenda Unguja. Ukiona mnara peke yake, bila kanisa kubwa, hapo ndipo uanze kufikiria miaka ya nyuma.

Neema: Babu shikamoo. Kwa hiyo mapadri nao walinunua watumwa?

Babu Mdogo: Marahaba. Walinunua ili wawakomboe. Padri Horner alifungua misheni 1868, na fedha nyingi zilichangwa na Wakatoliki wa Ulaya kupitia shirika la Utoto Mtakatifu. Ila usidhani mtoto alipewa uhuru akaenda zake. Angekwenda wapi, kwao hapajui tena? Alibaki misheni, akasoma, akalima shamba la misheni, akikua anaozeshwa, anapewa nyumba kwenye kijiji cha Wakristo. Ndiko tulikotoka sisi.

Shangazi Rehema: Sasa mnaelewa kwa nini wamesimama kama gwaride, shuka nyeupe pee. Picha ilikuwa inakwenda kwa wachangiaji. Hakuna atakayekutumia fedha ukimwonyesha mtoto anapigana na mwenzake chini ya mwembe.

Deo: Shangazi, kuza ile ya kwanza. Mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Mwili upo, kichwa kimekuwa moshi.

Shangazi Rehema: Nimemwona! Kamegeuka haka.

Deo: Zamani hizo picha ilipigwa kwenye kioo, unaambiwa usitikisike hata kidogo. Wote wametii, yeye kageuza shingo.

Neema: Huyo ndiye babu yetu, nimeshaamua.

Anko Pius: Ukorofi unafanana kweli. Na yule sista mweusi pembeni? Naye alikombolewa?

Babu Mdogo: Usimwozeshe ukoo usio wake. Wale ni Mabinti wa Maria, shirika la kisiwa cha Réunion, weupe kwa weusi pamoja. Walifika Unguja 1860, kabla hata ya hawa mapadri wa Roho Mtakatifu. Huyo huenda kavuka bahari kuja kufundisha.

Neema: Kumbe.

Deo: Kinachoniuma ni kitu kimoja. Nyuma ya picha padri kaandikwa jina lake lote. Watoto kumi na nne wameandikwa "watoto". Basi.

Shangazi Rehema: Hata mbuyu wa pale una jina la mwenyewe. Bi Chevalier, Mzungu wa misheni, alifunga hapo mnyororo wa punda wake, mpaka leo wageni wanaonyeshwa. Punda ana historia kuliko babu zetu!

Anko Pius: Wazungu hawa, basi tu.

Neema: Samahani, mimi niko sebuleni kwa Bibi na albamu ya harusi ya 1987. Nimegeuza picha zote, hakuna jina hata moja.

Shangazi Rehema: Tuma moja.

[Picha]

Shangazi Rehema: Huyu wa kofia pembeni ya Baba Pius ni nani?

Anko Pius: Simjui. Rafiki wa Baba nadhani, wa reli.

Deo: Mpiga picha?

Babu Mdogo: Huyo ni mimi.