Ukungu wa maji baada ya kuosha chujio: mita moja ya pamoja inatosha?

Zamu_ya_Usiku (Mwanza):
Wakuu, mtambo wetu unavuta maji ya ziwa na una chujio sita za mchanga. Mita ya NTU (kizio cha ukungu wa maji) ni moja tu, kwenye bomba la pamoja linaloingia tangi la maji safi. Kwa kawaida inasoma 0.15. Tukiosha chujio kwa maji ya kupanda kutoka chini na kulirudisha kazini, inapanda hadi 0.80 kwa takriban nusu saa, kisha inashuka. Wenzangu wanasema haijafika 1, tuache. Mnaonaje?

Mchanga_na_Changarawe:
Msiache. Piga hesabu: chujio zote zikipitisha maji sawa, 0.80 mara 6 ni 4.8. Toa zile tano nyingine (0.15 × 5 = 0.75), inabaki 4.05. Kwa hiyo chujio mlilotoka kuosha linatoa karibu NTU 4, na maji ya wenzake yanalificha. Hatari kubwa ni vimelea kama kriptosporidiamu: klorini ya kawaida haiviui, tegemeo kubwa ni chujio kuvizuia.

Kama hela ya mita sita haipo, anzeni na mita moja ya mkononi. Wekeni koki ndogo kwenye bomba la kila chujio kabla halijaungana na mengine. Itobolewe ubavuni mwa bomba, kwa sababu juu hukaa hewa na chini hukaa mchanga. Baada ya kuosha, pimeni dakika ya 1, 5, 10, 15, 20 na 30, mchore mstari. Kwa chujio lililokwisha tulia, lengo ni 0.3 au chini.

Ule mpando unatokana na maji machafu ya kuoshea yaliyobaki juu na ndani ya mchanga, pamoja na mchanga wenyewe kuwa bado haujashika. Mna bomba la kumwaga maji ya mwanzo?

Zamu_ya_Usiku:
Halipo. Linaingia tangini moja kwa moja.

Mchanga_na_Changarawe:
Basi malizeni kuosha kwa kasi ndogo, mchanga ukiwa umekaa bila kuelea, hadi maji machafu yaliyobaki yatoke juu. Kisha lipumzisheni chujio, na valvu ya kutolea ifunguliwe polepole kwa dakika 15 hadi 30. Kuifungua yote kwa mkupuo ndiko kunakosukuma uchafu chini. Umeme ukikatika na kurudi ni vivyo hivyo: chujio lililokaribia muda wa kuoshwa lioshwe kwanza, lisiwashwe hivyo hivyo.

Maabara_ya_Maji:
Naongeza upande wa kipimo, maana namba mbovu ni mbaya kuliko kukosa namba. Kichupa kisuuzwe mara tatu kwa maji ya sampuli, kifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, alama yake ielekee upande uleule kila mara. Namba ikirukaruka, shuku viputo vya hewa kabla ya kulaumu chujio. Kichupa chenye mkwaruzo kitupwe, kwenye 0.2 mkwaruzo mmoja unaharibu kila kitu. Mita isawazishwe kwa fomazini (kimiminika ambacho NTU yake inajulikana) angalau kila miezi mitatu.

Kanuni za Marekani zinataka kila chujio lisomwe kila dakika 15, na masomo mawili mfululizo yakizidi NTU 1 mtambo unatoa taarifa. Hata kwa mita ya mkononi, wazo hilo linafaa: somo moja linaweza kuwa kiputo, mawili ni chujio.

Mwani_Mwani:
Msisahau ziwa lenyewe. Mchana wa jua kali mwani hunyonya hewa ukaa na pH hupanda. Ikipita 8, sehemu ya alumini ya shabu (dawa ya kugandisha uchafu) hubaki imeyeyuka, hupenya chujioni, kisha huganda tangini. Mtaona chujio linasoma vizuri huku tangi lina ukungu. Pimeni pH saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, na jaribio la dozi ya shabu kwenye magudulia lifanywe kwa maji ya alasiri pia. Maji yakiwa na mwani wa kijani-buluu, msiongeze klorini kabla ya chujio: seli zikipasuka zinaachia sumu ambayo mchanga hauzuii.