Mjadala: Mantiki ibaki somo la lazima kwa wanaosoma sayansi ya kompyuta?

Wakuu, hoja hii hurudi kila mitaala inapopitiwa upya: mantiki iondolewe kwenye masomo ya lazima, maana waajiri wanatafuta watengeneza programu, hawatafuti wanafalsafa. Mimi napinga kabisa.

Chukueni mfumo wa ada za shule. Unatakiwa kutuma ujumbe wa kudai kwa kila ankara ambayo haijalipwa wala kufutwa. Kijana anaandika sharti: hali si "imelipwa" AU hali si "imefutwa". Ankara ina hali moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo sharti hilo ni kweli daima, na mzazi aliyemaliza ada naye anadaiwa. Ilitakiwa NA. Kompyuta hailalamiki, programu inakubali vizuri tu. Aliyezielewa kanuni za De Morgan (kukanusha "A au B" ni sawa na "si A NA si B") analiona kosa kwa kusoma.

Mtasema majaribio yangelinasa. Hilo dogo, sawa. Lakini mwaka 1994 prosesa ya Pentium ya Intel iligundulika kukosea kugawanya baadhi ya namba, kwa sababu jedwali lake la ndani lilikosa thamani kadhaa. Hesabu nyingi mno zilitoka sahihi, ndiyo maana kosa lilipita hadi sokoni. Intel ikatenga dola milioni 475 kulifidia, kisha ikaongeza nguvu katika uhakiki wa kimantiki, yaani kuthibitisha kihisabati kwamba muundo ni sahihi. Amazon nao, tangu 2011, wahandisi wao wanaeleza mifumo yao kwa TLA+, lugha ya kueleza mifumo kimantiki iliyobuniwa na mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport. Kwenye DynamoDB, hifadhidata yao, walikuta hitilafu ambayo, hata kwa njia fupi kabisa, hujitokeza baada ya hatua 35 kufuatana. Nani angebuni jaribio la hatua 35?

Kuna lawama moja ninayoikubali: somo linafundishwa vibaya. Muhula mzima ni majedwali ya ukweli (ya kuorodhesha lini sentensi ni kweli au si kweli) ubaoni, mtihani, basi. Zana za kukagua masharti kama Z3 na Alloy, na lugha ya programu ya kimantiki Prolog, zinapatikana bure na zinafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Mwanafunzi aandike masharti yake mwenyewe, mashine imtafutie mfano unaoyavunja. Hapo ndipo somo linapoingia kichwani. Dawa ni kubadili ufundishaji, siyo kulifuta.

Na sasa programu za akili mnemba zinaandika msimbo kwa sekunde. Atakayeulizwa kama ni sahihi ni huyo mhitimu.

Walimu wa vyuo na mnaoajiri, mnasemaje? Na mnaotaka liondolewe, nafasi yake mtaweka nini?