Naomba ushauri: wajukuu wa askari wa Keya tunataka kukutana

Habari zenu ndugu. Sisi ni wajukuu wa askari wa batalioni ya 11 ya KAR (King's African Rifles, yaani Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), Wakenya waliopigana bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, kwenye mvua na malaria. Novemba tunataka kukutana makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, tuwasome majina mmoja mmoja.

Shida ndiyo hayo majina. Babu aliniachia nyota yake ya Burma, ile medali ya waliopigana huko, ameifunga kwenye leso, na kitabu cha mshahara ambamo karani aliandika jina la kijiji badala ya la baba yake. Wenzangu wengine hawana hata karatasi.

Tuwatafuteje jamaa waliobaki, kupitia machifu au makanisa na misikiti? Na mwenye majina mawili, tusome lipi? Sitaki hata mmoja aachwe.